Kisamaki Kilichomnasa Baba Mkwe

Miaka sita ya kwanza ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama baba mkwe usoni. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa gambuti zake uani, na kwa koti lake la kijivu nililoliona likikata kona nyuma ya zizi. Kila tulipokwenda Ileje, kijijini kwao, si mbali na Isongole, mume wangu aliingia sebuleni kuamkiana na baba yake, na mimi nikazunguka nyuma kwenda jikoni kwa mama. Tukikutana njiani kwa bahati mbaya niliingia pembeni kwenye majani, nikajifunika khanga na kuinama mpaka apite. Yeye naye aligeuza uso. Hatukusalimiana hata siku moja.

Ndivyo Wandali wa zamani walivyomheshimu mkwe. Siku hizi wengi wameacha. Nyumba ya jirani yao, mkwe na mke wa mwanawe wanapanda bodaboda moja kwenda kanisani. Lakini baba mkwe wangu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa kusoma gazeti mpaka tangazo la mwisho, hakuacha. Mimi ni Mnyiha wa Mbozi. Kwetu heshima ipo, ila si ya namna hiyo, na mwanzoni niliichukua kama ugeni tu. Baadaye ilianza kuniuma. Niliamini mzee hakunitaka tangu siku ya posa na sasa amepata mila ya kujifichia. Nilimuuliza mume wangu zaidi ya mara moja.

"Mzee ndivyo alivyo," alinijibu.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini jibu hilo lilikuwa linanilaza na hasira.

Kazi yangu ni Tunduma, katika ofisi ya wakala wa forodha. Napanga karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia na yanayotoka huko. Foleni ikikwama, madereva wanakaa siku mbili au tatu, na unafika mahali unawajua kwa majina ya watoto wao. Mmoja alikuwa Mzambia mtu mzima, mpole, aliyependa kuja ofisini kwetu kuomba maji ya moto ya chai. Nyuma ya kiti cha lori lake alikuwa na fimbo nyembamba ya kuvulia, ya vipande viwili, ndani ya mfuko alioushona mwenyewe. Jumamosi moja, foleni haisogei, aliniuliza kama kuna maji popote karibu. Mimi na mwenzangu wa ofisini tukampeleka kwenye bwawa dogo la kumwagilia mboga, nje ya mji.

Nilidhani atachimbua minyoo. Badala yake alifungua kibati cha pipi, na ndani yake, juu ya kipande cha sponji, kulikuwa na visamaki vya plastiki ngumu, kila kimoja urefu wa kidole gumba changu. Vilikuwa na macho, magamba ya kuchorwa, mgongo wa kijani na tumbo jeupe. Chini ya mdomo kulikuwa na kijiulimi cha plastiki angavu. Chini ya tumbo ndoana ya meno matatu, na mkiani nyingine. Alinipa kimoja nikishike. Kilikuwa chepesi kama sarafu chache, na nilipokitikisa nikasikia kitu kikigonga ndani.

"Hivi vinazama," alisema, akiniita mayo, yaani mama kwa lugha yao. "Viko vinavyoelea, lakini samaki mwenye akili hakai juu, mayo. Anakaa chini kwenye baridi. Lazima umfuate nyumbani."

Alirusha. Kisamaki kilitua majini bila kishindo. Sisi tukasubiri avute, yeye akasimama tu, midomo ikihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaanza kuzungusha taratibu. "Panono panono," aliniambia, yaani polepole kwa Kibemba chao. Alipokivuta karibu na ukingo nilikiona chenyewe: kilikuwa kinakuja kinatikisa kiuno kama samaki mchanga aliyepotewa na mama yake. Na alipoacha kuvuta, hakikwenda chini kwa kichwa. Kilishuka kimelala vizuri, kinatetemeka, taratibu, mpaka giza la maji likakimeza.

Zamu yangu ilipofika, katika urushaji wa saba au wa nane, fimbo ilipinda mkononi mwangu. Alikuwa perege wa ukubwa wa kiganja. Nimewahi kupokea mishahara, nimewahi kupokea barua ya ajira, lakini mkono wangu haujawahi kupokea kitu kama kile, kwa sababu uzi ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kila alichofanya samaki kule chini nilikijua.

Siku hiyo hiyo mwenzangu alijichoma ndoana kwenye kidole akapiga kelele bwawa zima. Yule dereva akaitoa kwa kipande cha uzi, kwa namna niliyoikodolea macho kwa sababu ilikuwa haraka mno. Nikamwomba anionyeshe tena kwenye ganda la ndizi. Akanionyesha mara tatu.

Basi, tangu hapo nikawa mvuvi. Nilijinunulia fimbo yangu Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na visamaki vinne. Nyumbani Tunduma nilivijaribu kwenye karai la kufulia, kujua kipi kinazama haraka na kipi kinachelewa. Mume wangu alicheka mpaka akachoka, kisha akazoea. Kwao Ileje hatukusema. Mwanamke na fimbo ya samaki, na mkwe wa mzee yule? Nilifunga vipande vya fimbo ndani ya kitenge, nikavisafirisha chini ya nguo.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali ya milimani kule. Asubuhi mume wangu aliondoka kwenda Isongole kutafuta kipuri cha pikipiki. Mama alikwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Nilimaliza vyombo, nikachota maji, nikafagia uwanja, nikaona saa nne tu. Nikakitoa kitenge changu nikateremka mtoni.

Mto Songwe pale unapita chini ya mianzi, na ng'ambo yake ni Malawi. Kiangazi maji yanapungua na kuwa safi. Katikati yanakimbia, lakini penye kona kuna shimo lenye maji ya kijani yaliyotulia, na hapo ndipo kisamaki kinachozama kinapopata kazi. Kinachoelea kingechukuliwa na mkondo kabla samaki hajakiona. Nilirusha juu ya kona, nikahesabu mpaka tano, nikavuta. Dakika chache nikapata samaki mwembamba wa rangi ya fedha, ambaye mama humwita kwa jina la Kindali ambalo ulimi wangu bado haujaliweza. Nikapata wa pili. Nikawa na furaha ya kijinga, ya mtu aliyejiiba. Nikapeleka fimbo nyuma kwa nguvu ili nirushe mbali zaidi, bila kuangalia mgongoni.

Ikakwama. Nikajua ni mwanzi. Nikavuta.

"Aaa! Wewe!"

Mwanzi hausemi. Niligeuka nusu, nikaona gambuti mbili, kipindo cha koti la kijivu, na panga la kukatia mianzi limeanguka chini. Nikageuka tena haraka nikatazama maji. Nyuma yangu nilisikia naye anageuka, majani yakikatika chini ya viatu vyake. Tukawa tumesimama hivyo, mgongo kwa mgongo, hatua kama nane kati yetu, na uzi mwembamba umetuunganisha.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Khanga nilikuwa nimeifunga kiunoni, nikaifungua nikajifunika kichwa. Nilifikiri kukimbia, lakini nikikimbia na fimbo ninamvuta, na nikiiacha fimbo ninamwacha mzee na ndoana mwilini. Mwisho nilisema neno pekee lililokuwepo kinywani.

"Shikamoo, baba."

Maji yakapita.

"Marahaba," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. Kisha akauliza, "Sasa hiki ni nini?"

"Ni chambo, baba. Samaki wa bandia. Kimekushika wapi?"

"Mkononi. Na kwenye koti. Mkono umefungwa na koti, siwezi kuunyoosha."

"Usivute, baba. Tafadhali usivute."

"Sijavuta mimi. Umevuta wewe."

Alikuwa sahihi. Nikamwambia hakuna mtu mwingine karibu, na mume wangu hatarudi mpaka mchana, na ndoana ile ina mwiba unaorudi nyuma, kadiri inavyokaa ndivyo nyama inavyokaza. Nikasema ninajua kuitoa, lakini lazima niushike mkono. Nikasikia anapumua.

"Njoo," akasema. "Mimi nitatazama Malawi."

Nikaenda kinyumenyume hatua za mwanzo, mpaka nikaona upumbavu wa jambo hilo, nikageuka. Alikuwa ameketi juu ya mianzi aliyoikata, uso kaupeleka ng'ambo ya mto, mkono wa kushoto kaunyoosha kwangu kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Ndoana ya tumbo ilikuwa imeshika kipindo cha mkono wa koti. Ya mkiani, jino moja lilikuwa limeingia lote kwenye nyama iliyo chini ya kidole gumba. Damu ilikuwa kidogo. Kisamaki changu cha kijani kilikaa katikati, macho yamekodoa, kama hakikuhusika.

Nilikata uzi kwa meno. Koti nililichana kidogo kwa panga lake, nikaomba radhi, akasema ni la zamani. Kwa plaizi ndogo niliyokuwa nayo nilifungua kipete kinachoshika ndoana, nikakiondoa kisamaki kando, ikabaki ndoana peke yake mkononi. Pembeni yake kulikuwa na kamba ya katani aliyokuja nayo kufungia mianzi. Nikachambua uzi mmoja imara, nikaupitisha kwenye pindo la ndoana, nikauzungusha kiganjani mwangu. Kidole changu kingine nikakibonyeza juu ya mguu wa ndoana, chini kabisa, mpaka ulale kwenye ngozi.

Mkono wake ulikuwa wa moto. Kwa miaka sita nilikuwa nimemwogopa mtu huyu, na hapa nilikuwa nahisi mshipa wake unapiga, haraka kama wangu.

"Nitahesabu mpaka tatu, baba."

"Hesabu."

"Moja. Mbili."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote, sambamba na ngozi, kama nilivyofundishwa. Ndoana ikatoka ikarukia majanini. Hakupiga kelele. Huku bado anatazama Malawi, akasema:

"Ulisema tatu."

"Ndiyo, baba."

"Umevuta kwenye mbili."

"Ndiyo, baba. Ungengoja tatu ungekaza mkono."

Akafikiri, kama mwalimu anayekagua njia iliyotumika kupata jibu.

"Ni sawa," akasema.

Nililazimisha twende zahanati akachomwe sindano ya pepopunda. Alikataa mara mbili, akakubali ya tatu. Tulipanda kile kilima yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma na samaki wangu wawili kwenye mfuko wa plastiki. Zahanati muuguzi aliuliza nani kamleta mzee. Akajibu, huku anatazama ukuta, "Mke wa mwanangu." Hilo lilikuwa neno dogo, lakini sikuwahi kusikia akinitaja.

Mama aliporudi na kuelezwa alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akacheka tena. Mume wangu hakucheka. Usiku ule aliniambia shangazi yake, dada mkubwa wa mzee, amekwishapata habari kwa simu na anakuja kutoka Mbebe. Shangazi ndiye mwenye mila katika ukoo ule. Hata mzee humwogopa.

Kesho yake mkono ulivimba. Kiganja kilijaa, kidole gumba kikawa kama ndizi mbivu. Mzee hakula. Jirani mmoja alikuja kumpa pole, na alipopita jikoni alisema, si kwangu bali kwa sufuria, kwamba mwiko ukivunjwa mwili hujibu. Nilijua kwamba ndoana ya mtoni ina uchafu, nilijua kuhusu vijidudu, nilikuwa nimesoma. Lakini nilikaa kwenye kigoda nimeshika mwiko wa ugali, na nikaamini. Nilijiona nikirudishwa Mbozi na mizigo yangu. Nilitoka nje nikakiangalia kile kisamaki kwenye kibati changu na nikataka kukitupa chooni. Muuguzi alimpa mzee dawa za siku tano, akasema tuuweke mkono juu ya mto wa kulalia na tusubiri. Nilimpelekea mama maji ya chumvi ya kumkanda kila saa moja, nikayaacha mlangoni.

Siku ya tatu asubuhi mama alitoka chumbani akiwa na uso mwingine. "Umeshuka," aliniambia. Akanionyesha kwa mkono wake mwenyewe: uvimbe umeishia hapa, jana ulikuwa pale. Nikaingia nyuma ya jiko nikalia, si sana. Baadaye nilimsikia mzee akiomba ugali.

Shangazi alifika saa sita, mama mfupi, mnene, mwenye viatu vya raba na mkoba wa kanisani. Aliukagua mkono wa mdogo wake kwanza. Halafu akaniita. Nilikuja na khanga kichwani, nikapiga magoti mlangoni, macho chini. Mzee alikuwa ndani, kajigeuzia dirishani.

"Wewe ndiye mvuvi?"

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Samaki ulipata?"

"Wawili, shangazi."

Akaguna. Kisha akamgeukia mdogo wake, na sauti ikapanda.

"Miaka sita! Katika ukoo wetu jambo hili lina mwisho wake. Unachinja jogoo, tunaomba, mkwe anakuletea maji ya kunawa, basi, mnasalimiana kama watu. Nilikuambia tangu mwaka wa kwanza. Umekuwa unazunguka zizi lako mwenyewe kama mwizi mpaka mtoto wa watu akakuvua na ndoana."

Mzee akasema polepole, kwa dirisha:

"Nilidhani yeye hataki. Ni msomi, ametoka mjini. Kila akiniona anakimbilia majanini. Nikasema nisimlazimishe."

Nilisikia nafsi yangu inaachia kitu ilichokuwa imekishikilia miaka yote ile. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mume wangu, aliyekuwa amesimama uani anajifanya kuangalia pikipiki.

"Mimi nilidhani wewe hunitaki, baba," nilisema.

"Mimi?" Akageuka. Ndipo nilipouona uso wake, mwembamba, macho madogo, ndevu nyeupe zisizo na mpangilio, na kovu dogo juu ya nyusi. Alifanana na mume wangu kupita kiasi. "Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia.

Jogoo alichinjwa jioni ile ile, shangazi akaomba kwa Kindali na kwa Kiswahili, na mimi nikaleta maji ya kunawa. Mengine nikayamwagia gambuti zake. Akasema zimezoea maji.

Baada ya kula aliomba aletewe "kile kitu." Nikakileta kibati. Akaagiza karai la maji, akakishika kisamaki kwa mkono mzima, akakiachia. Wote tukainama juu ya karai kwa mwanga wa taa: kikashuka kimelala, kinatetemeka taratibu, kikafika chini. Akakitoa akakiachia tena. Mara ya tatu alikuwa anahesabu.

"Sekunde moja na nusu kwa kina hiki," alisema. "Shimo la kwenye kona lina kimo cha mtu na nusu. Ulikuwa unahesabu ngapi?"

"Tano, baba."

"Ndogo. Ulikuwa unavuta kabla hakijafika. Hesabu kumi na mbili au kumi na tatu." Akamtazama dada yake. "Anafundisha watu mbili ni tatu, lakini ya samaki hajui."

Shangazi alicheka mpaka mkoba ukaanguka.

Tangu hapo anapiga simu, na hapiti kwa mwanawe. Mara nyingi ananikuta kazini, malori yananguruma nje, na mimi naziba sikio moja. Ananiuliza foleni ikoje, mvua imeanza Tunduma au bado. Wiki iliyopita nilipokea nikiwa na karatasi za dereva mkononi, nikamsalimia, nikauliza kuna nini.

"Hakuna neno," alisema. "Nimepiga tu."